Kwa nini watoto wadogo hutulia zaidi wakiigiziwa na wanafunzi kuliko na waigizaji wazoefu?

#1 MwongozajiPembeni

Salaam wakuu,

Naongoza maigizo ya watoto wa miaka mitano hadi tisa. Igizo letu la sasa lina vikosi viwili: kimoja cha wanafunzi wa sekondari, kingine cha watu wazima wanaoishi kwa kazi hii. Maneno ni yale yale, nyimbo ni zile zile, hata maleba ni yale yale, yamepunguzwa kiuno tu.

Watu wazima wana sauti, wana pumzi, hawapotezi mstari. Wanafunzi wanameza silabi, wanakimbilia mwisho wa sentensi, na yupo mmoja ambaye hata umwelekeze vipi anaipa hadhira mgongo. Lakini watoto wanatulia kwa wanafunzi. Kwa watu wazima wanacheka zaidi, sikatai, ila pia wanainuka, wanapiga soga, wanaomba kwenda chooni. Kwa wanafunzi wanakaa shingo mbele, macho hayabanduki.

Dai langu ni kwamba mwanafunzi si wa kuziba pengo katika maigizo ya watoto. Ndiye hasa anayefaa. Sababu siijui sawasawa, na kila ninayemuuliza ana yake. Karibuni, na anayepinga apinge kwa hoja.

#2 KinyagoChaPili

Umri, basi. Mtoto wa miaka saba akimtazama wa kumi na tano anaona mtu atakayekuwa yeye si muda mrefu. Watoto hawaigi watu wazima kama wanavyoiga kaka na dada zao. Mwendo, misemo, namna ya kukasirika, vyote wanavichukua kwa wakubwa wao wa karibu. Ukumbini wanaendelea na kazi hiyo hiyo ya kusoma namna ya kuwa mkubwa. Mtu mzima akijifanya mtoto, wanaona mtu mzima anayejifanya mtoto. Hawakasiriki, ila hawana cha kuchukua hapo.

#3 FundiTaa

Mleta mada, kabla hatujaenda mbali: vikosi vyote viwili vinaonyesha saa ile ile, ukumbi ule ule? Na watoto wanaletwa na nani?

#4 MwongozajiPembeni

Ukumbi ni ule ule. Watu wazima wanaonyesha asubuhi siku za shule, madarasa yanaletwa na walimu. Wanafunzi wana vipindi, kwa hiyo wao ni Jumamosi, na watoto wanakuja na wazazi.

#5 FundiTaa

Basi jibu umeshalitoa mwenyewe. Mtoto aliyekaa katikati ya mama na shangazi si sawa na mtoto aliyekaa katikati ya wenzake wa darasa zima, tena akiwa ametoroka hesabu. Kule nyuma mwalimu ananyamazisha "shiii!" kwa sauti kubwa kuliko kelele anayoinyamazisha. Hujalinganisha waigizaji, mkuu. Umelinganisha walioketi kando ya mtoto.

#6 KinyagoChaPili

FundiTaa kwako kila jambo ni viti na swichi 😄

Lakini hoja yako haifiki mbali. Nimeshaona wanafunzi wakiwaigizia wadogo zao shuleni pale pale, siku ya masomo, hakuna mzazi hata mmoja, na watoto wametulia vile vile.

#7 Mwl_DarasaLaPili

Naomba tutofautishe kimya na umakini. Kuna kimya cha mtoto aliyezama, kuna cha mtoto aliyeogopa, na kuna cha mtoto asiyesikia. Mleta mada amesema wanafunzi wake wanameza silabi. Mtoto asiyesikia anafanya nini? Anavuta shingo mbele na kukodolea midomo. Wewe uliyesimama nyuma unasema "tazama walivyotulia", kumbe wanahangaika kudaka maneno. Sauti ya mtu mzima inafika hadi mlangoni, kwa hiyo mtoto anaweza kumgeukia mwenzake, akasema neno lake, akarudi na hajapoteza kitu.

Tena kuinuka si kosa. Charlotte Chorpenning, aliyeongoza maigizo ya watoto ya jumba la Goodman pale Chicago kuanzia 1932, alikuwa akikaa ukumbini katikati ya watoto na kutazama wanaanza kufurukuta wapi. Kisha alirudi kwenye muswada na kupachika mahali pa kuwanyoosha viungo: mbio, hatari inayowafanya wapige kelele, jambo linalowarusha vitini. Kwake mtoto kuruka ilikuwa sehemu ya igizo. Na waliokuwa jukwaani pale walikuwa wanafunzi wa shule ya maigizo ya Goodman yenyewe. Kwa hiyo mleta mada, huo ni mfano wa wanafunzi waliopangiwa kabisa kuwainua watoto.

#8 BintiSauti

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mmoja wa hao wanafunzi mnaowazungumzia. Niko sekondari, kikundi chetu kinaigizia watoto wa chekechea na darasa la kwanza.

Mwigizaji mzoefu akisahau mstari anajua kujificha. Sisi hatujui, ndiyo maana tunawatazama sana watoto. Nikitokea jukwaani natafuta uso mmoja safu ya mbele uliokunjuka, namwambia huyo, halafu nahamia kwa mwingine. Mtoto akipiga kelele "yuko nyuma ya mti!" siwezi kuendelea na mistari yangu kama sijamsikia. Namgeukia, namuuliza mti upi. Mwongozaji wetu mwanzoni alikuwa hataki, siku hizi ametuachia.

Niliwahi kuwekwa kwenye onyesho moja na waigizaji wakubwa. Walikuwa wazuri sana, nilijifunza kwao kupumua. Ila macho yao yalipita juu ya vichwa vya watoto, kule wanakokaa wazazi na walimu. Baadhi ya vichekesho vilikuwa vya wazazi tu. Wazazi wakicheka jambo ambalo mtoto halielewi, hapo ndipo mtoto anapogeuka kuuliza, na kelele inaanzia hapo.

#9 FundiTaa

Marahaba binti. Hilo la macho kupita juu ya vichwa naliunga mkono kwa sababu za kifundi. Taa za mbele zikiwa kali, mwigizaji haioni hadhira vizuri. Mzoefu amefundishwa kuinua uso ili mwanga umkamate, na watoto wameketi chini sakafuni. Hesabu pembe hiyo mwenyewe. Macho yake yanatua kwa watu wazima walio nyuma hata kama hataki.

Dawa yake ni kuacha taa za ukumbi ziwake kidogo katika igizo la wadogo. Waigizaji watawaona watoto, na watoto wa miaka mitano hawatalia kwa giza la ghafla. Nimeshaona onyesho zima linaharibika dakika ya kwanza kwa sababu fundi alizima zote kwa pamoja.

#10 KinyagoChaPili

Nilijua tutafika kwenye taa tu 😄 Lakini binti ameongea. Mpeni maua yake.

#11 MpendaHistoria

Mjadala huu una miaka zaidi ya mia. Alice Minnie Herts alianzisha jumba lake la maigizo ya watoto New York mwaka 1903, mtaa wa wahamiaji, na waliopanda jukwaani walikuwa watoto na vijana wa mtaa ule ule. Walianza na The Tempest ya Shakespeare, si hadithi ya sungura.

Kisha Winifred Ward, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Northwestern, akaanzisha jumba la watoto la Evanston mwaka 1925. Mpango wake ndio unaotuhusu: nafasi za watu wazima waliigiza wanafunzi wa chuo, nafasi za watoto waliigiza watoto wa shule za mji. Yaani hakuchagua upande. Kila umri ulikaa mahali pake katika hadithi. Mleta mada, badala ya vikosi viwili vinavyoshindana, umewahi kuvichanganya?

#12 KalamuNyekundu

Hata kabla ya hapo. London ya enzi za Shakespeare kulikuwa na vikundi vya waigizaji wavulana, wa kanisa la St Paul's na wa ukumbi wa Blackfriars, na walipendwa mpaka ndani ya igizo la Hamlet kuna malalamiko ya vitoto vinavyowapokonya wakubwa watazamaji. Maigizo ya watoto yana mizizi mirefu, hata ASSITEJ, chama cha kimataifa cha maigizo ya watoto na vijana, ilipoanzishwa 1975 ilikuwa inakusanya kitu kilichokwishakuwepo.

#13 MzeeWaPazia

ASSITEJ ilianzishwa Paris mwaka 1965, ndugu. Na ile siku yake ya dunia ni tarehe 20 Machi. Tuendelee.

#14 MpendaHistoria

KalamuNyekundu, wale wavulana wa Blackfriars waliigizia watu wazima wenye fedha, si watoto. Wameingia kwenye mada yetu kwa mlango mwingine kabisa. Mkuu wa waimbaji wa kanisa la kifalme alikuwa na kibali cha kuchukua wavulana wenye sauti nzuri wakaimbe, na kibali hicho kikatumika kuwapeleka jukwaani. Mwaka 1600 mvulana anayeitwa Thomas Clifton, wa miaka kama 13, alikamatwa njiani akienda shuleni, akapewa karatasi ya mistari akariri. Baba yake, Henry Clifton, alikuwa mtu mwenye jina, akapigania mwanawe akaachiwa, kisha akapeleka mashtaka. Waliokuwa na baba wasio na jina walibaki.

Nalitaja kwa sababu tunazungumza kana kwamba swali pekee ni watoto walioketi. Walio jukwaani pia ni watoto wa watu.

#15 DadaMratibu

Hapo #14 umenigusa. Mleta mada, hao wanafunzi wako wanalipwa? Maana naona unasifia kikosi ambacho, kama nimekuelewa, ndicho cha bei nafuu.

#16 MwongozajiPembeni

Swali la haki, dada. Hawalipwi mshahara. Wanapewa nauli na chakula, na shule inawahesabia kama sehemu ya somo lao la sanaa. Hawaonyeshi siku za mitihani, wala hatupitishi saa kumi na mbili jioni. Nasisitiza sikuanzisha mada ili kutetea bajeti. Ningependa wanafunzi waitwe kwa sababu wanafaa, na waigizaji wakubwa wabaki na kazi yao.

#17 DadaMratibu

Nia yako naiona. Lakini mwenye ukumbi akisoma uzi huu atachukua sentensi moja tu: "wanafunzi wanatuliza watoto kuliko wazoefu". Kesho yake mikataba ya watu wazima imekwisha. Nimeratibu maonyesho ya watoto kwa muda mrefu, na mara nyingi hadhira ya watoto ndiyo hupewa waigizaji wasio na uzoefu, mazoezi machache na mandhari iliyobaki kwenye igizo lingine. Wanasema "ni watoto tu, hawatajua". Hoja ya mwanafunzi kufaa zaidi inaweza kuwa vazi jipya la dharau hiyo ya zamani. Naomba tuitunze vizuri.

#18 MzeeWaPazia

Namuunga mkono dada kwa ushahidi. Petrograd, iliyokuja kuitwa Leningrad, ilifungua jumba la watazamaji vijana mwaka 1922 chini ya Aleksandr Bryantsev, na msimamo ulikuwa kwamba watoto wanastahili waigizaji watu wazima waliosomea kazi. Nafasi za wavulana wadogo walizichukua wanawake wenye miili midogo, na mwigizaji aliweza kufanya kazi hiyo miaka na miaka akawa bingwa wake. Watoto waliamini. Peter Pan ilipoonyeshwa London mara ya kwanza mwaka 1904, Peter aliigizwa na Nina Boucicault, mwanamke mtu mzima.

Njoo karibu zaidi: jumba la maigizo la GRIPS la Berlin, lililoanza 1966, kazi ya Volker Ludwig na wenzake. Watu wazima wanaigiza watoto wa leo, watoto wenye wazazi wanaogombana na walimu wasiosikiliza. Hawabani sauti puani kujifanya wadogo. Wanasimama upande wa mtoto katika ugomvi, basi.

Kwa hiyo KinyagoChaPili, ile ya #2 kwamba mtoto hana cha kuchukua kwa mtu mzima anayeigiza mtoto haisimami. Inategemea mtu mzima huyo anamwigiza mtoto au anamdhihaki. Labda kikosi cha mleta mada kina tatizo la pili.

#19 KinyagoChaPili

Mzee wangu, nakusikia. Lakini hujaonyesha kwamba wanafunzi wasingefanya zaidi mahali pale pale. Umeonyesha kuwa watu wazima wanaweza. Nani alisema hawawezi?

#20 MzeeWaPazia

Mleta mada amesema "ndiye hasa anayefaa". Rudi #1.

Nyongeza kwa BintiSauti, maana umenifurahisha: Natalia Sats, aliyejenga maigizo ya watoto Moscow na baadaye, mwaka 1936, kumwomba Prokofiev atunge hadithi ya muziki ya Petro na mbwa mwitu, alikabidhiwa kazi hiyo ya mji mwaka 1918 akiwa na miaka 15 hivi. Rika lako. Usikubali mtu akuambie subiri ukue.

#21 BintiSauti

Ahsante sana mzee, nimeisoma kwa sauti kwenye kikundi chetu.

#22 BabaWawili

Mimi si mtu wa sanaa, ni mzazi tu. Binti yangu mkubwa aliigiza simba, mdogo wake alikuwa safu ya pili. Simba akanguruma vizuri kabisa, watoto wakarudi nyuma kwa hofu, mdogo akasimama akawatangazia wote: "Msiogope, huyo ni dada!" Ukumbi mzima ukaanza kumtafuta dada ndani ya simba. Kuanzia hapo hakuna aliyekohoa. Walikuwa wanachungulia shingoni, mikononi, wanabishana kimoyomoyo kama ni yeye.

Kwa hiyo mimi maelezo yangu ni haya: watoto wanatafuta mtu wanayemjua. Wanafunzi wa sekondari ni kaka na dada wa mtu. Waigizaji wazoefu si ndugu wa yeyote pale ndani.

#23 Mwl_DarasaLaPili

Hii nzuri, na inatuambia jambo kuhusu vinyago pia. Kwa watoto chini ya miaka sita, ukimtoa mwigizaji tayari amevaa kichwa cha mnyama utapata vilio. Akija uso wazi, akakivaa mbele yao taratibu, wanajua kuna mtu mle ndani na wanafurahia yote mawili kwa pamoja, mnyama na mtu. Matthew Reason alifanya utafiti kwa kuwapa watoto karatasi wachore walichokiona ukumbini, na wengine walichora kikaragosi pamoja na mtu anayekiendesha. Hawadanganyiki kama tunavyodhani, na bado wanaingia kwenye hadithi.

Mwanafunzi maleba hayajamkaa sawa, viatu vyake vya shule vinaonekana chini ya vazi la mfalme. Huenda huko kuonekana kwa mtu ndani ya mfalme ndiko kunakowashika.

#24 KalamuNyekundu

Viatu vya shule chini ya vazi la mfalme... hapo mleta mada nunua viatu kwanza.

Tukiacha hilo: kuna Brian Way, aliyeanzisha Theatre Centre London mwaka 1953. Yeye alitaka watoto wachache sakafuni, waigizaji katikati yao, na watoto wasaidie kusukuma hadithi: watoe sauti ya upepo, watengeneze mashine kwa mikono, washauri njia ya kupita. Je, igizo lako lina sehemu kama hizo? Kama lipo, nadhani hapo ndipo vikosi vinapotofautiana.

#25 MwongozajiPembeni

Lipo moja. Watoto wanapiga mapaja kuleta mvua. Na ni kweli, watu wazima wanaipandisha mvua mpaka ukumbi unatetemeka, halafu inachukua muda kuishusha. Wanafunzi wanaleta manyunyu tu, wanaendelea.

#26 DadaMratibu

Ehee! Sasa tunafika. Mzoefu amepewa nguvu ya kuwainua watoto na anaitumia. Kelele unazozisikia ni matokeo ya kazi yake, na wewe unazihesabu kama dosari. Mwanafunzi hawezi kuwainua, kwa hiyo hahitaji kuwashusha.

Ila nikuonye upande wa pili. Nimewahi kuona wanafunzi wakijaribu kuwaita watoto jukwaani "waje kumsaidia mtoto wa mfalme". Watoto hawakuja wachache. Walikuja wote. Mtoto wa mfalme akapotea chini ya watoto, mlango wa mandhari ukang'oka, ikabidi msimamizi wa jukwaa atoke na kuwarudisha kwa wimbo. Mtu mzima angesema "wenye vidole tu, kutoka pale mlipo, nyoosheni". Kuomba msaada wa watoto ni ufundi unaosomewa, na wanafunzi wafundishwe kabla ya kupewa sehemu hiyo.

#27 FundiTaa

Nimerudi. Mleta mada, maonyesho yanachukua muda gani kwa kila kikosi? Nauliza kwa sababu ulisema wanafunzi wanakimbilia mwisho wa sentensi.

#28 MwongozajiPembeni

Wazoefu wanakaribia saa nzima, kwa sababu wanasubiri vicheko viishe ndipo waendelee. Wanafunzi hawasubiri. Wanamaliza kwenye dakika arobaini na kitu.

#29 FundiTaa

Wakuu mmeona? Kikosi kimoja kinamaliza kabla ya kibofu cha mtoto wa miaka mitano, kingine kinapita pale. Maombi ya kwenda chooni yanaanza dakika ya ngapi? Kama yanaanza baada ya arobaini, tumemaliza.

#30 KinyagoChaPili

Kwanza ilikuwa wazazi, kisha taa, sasa kibofu. Kesho utatuambia ni feni 😄

#31 FundiTaa

Feni nayo ina kelele zake. Usinichokoze.

#32 Mwl_DarasaLaPili

Nataka kugeuza meza. Tumeongea sana kuhusu watoto walioketi. Peter Slade, aliyeandika kuhusu maigizo ya mtoto mwaka 1954, alikuwa na wasiwasi mkubwa na kuwapandisha watoto wadogo kwenye jukwaa lenye pazia mbele ya watazamaji. Aliona mchezo wao wa asili unakufa na majivuno yanachukua nafasi. Wa sekondari si wadogo kihivyo, najua. Lakini nimeona wanafunzi wanaobadilika baada ya msimu mmoja. Wanaanza kuigizia makofi. Mwanzoni walikuwa wanamtafuta mtoto kama alivyosema BintiSauti, mwishoni wanatafuta kicheko kile kile cha jana mahali pale pale. Huyo si mwanafunzi tena, na bado si mzoefu.

Mleta mada, kikosi chako kina msimu wa ngapi? Kama ni wa kwanza, huenda unachokiona ni upya wa kazi, na utapita.

#33 BintiSauti

Mwalimu, kinachotupeleka kwenye makofi mara nyingi ni alama. Kwenye kikundi kimoja nilichopitia, mkaguzi alikuwa anakaa nyuma na karatasi. Alama zilikuwa za matamshi, msimamo, kukumbuka maneno. Hapakuwa na alama hata moja ya kumjibu mtoto. Sote tulikuwa tunajua tunamwigizia nani siku hiyo, na hakuwa mtoto wa safu ya mbele.

Halafu kuna suala la nani ameandika. Maneno tuliyoyatunga wenyewe kwenye mazoezi tunayasema tukiwa tunawaza. Maneno tuliyoletewa tunayasema tukiwa tunakumbuka. Nadhani watoto wanaisikia tofauti hiyo hata kama hawawezi kuitaja.

#34 MpendaHistoria

Hapo umegusa kazi ya akina Penina Muhando na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mradi wao wa Tuseme, ulioanza 1996, ulijengwa juu ya jambo hilo: wanafunzi wenyewe wanachambua yanayowakwamisha shuleni, wanaunda igizo, wanaliigiza, kisha mjadala. Hadhira yake si watoto wa chekechea, lakini msingi ni huo unaosema, kwamba anayeigiza ni mwenye hoja.

Mleta mada, muswada wako uliandikwa na nani?

#35 MwongozajiPembeni

Niliuandika mimi. Wanafunzi walibadilisha mistari mingi mazoezini, sikuwazuia. Watu wazima waliusoma kama ulivyo.

#36 KinyagoChaPili

Wewe si ulisema #1 maneno ni yale yale?

#37 MwongozajiPembeni

Hadithi na matukio ni yale yale. Mistari ya wanafunzi imekuwa mifupi zaidi, na wamenyoosha misemo miwili mitatu ambayo watoto walikuwa hawaijibu.

#38 MzeeWaPazia

Basi tuna igizo jingine mkononi. Fupi zaidi, lenye maneno ya vijana, linaloonyeshwa Jumamosi mbele ya wazazi, kwa watoto wanaotafuta ndugu zao. Wape watu wazima muswada wa wanafunzi tuone.

#39 DadaMratibu

Na uwape wanafunzi asubuhi moja ya siku ya shule, kwa ruhusa ya shule yao. Usibadilishe yote kwa mpigo. Ukiwapa wazoefu muswada mfupi na Jumamosi kwa pamoja, ukaona kimya, utarudi hapa hujui ni kipi kimeleta.

Na usihesabu kimya peke yake. Siku mbili baada ya onyesho waombe walimu wawape watoto karatasi wachore. Wakichora mlango uliong'oka na si mtoto wa mfalme, umepata habari yako.

#40 MwongozajiPembeni

Nitaanza na muswada, muda ubaki ule ule wa asubuhi. Nashukuruni wote. KalamuNyekundu, viatu vimeshapatikana.

#41 BabaWawili

Samahani, swali la mzazi. Mwisho wa onyesho waigizaji watoke kusalimia watoto wakiwa na maleba au bila? Kwetu mdogo alikataa kumsalimia dada yake mpaka alipovua kichwa cha simba.

#42 Mwl_DarasaLaPili

Watoke na maleba, uso wazi, kichwa cha simba mkononi. Wachuchumae wafike usawa wa mtoto. Na wasiulize "mmefurahi?", maana watoto wote watajibu "ndiyooo" na mazungumzo yatakufa hapo. Wamuulize mtoto angefanya nini yeye angekuwa nyuma ya ule mti.

#43 FundiTaa

Mimi napinga. Wasitoke kabisa. Wakitoka, foleni ya kumshika simba inaziba mlango, na kuna darasa lingine linasubiri nje.

#44 BintiSauti

Foleni hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko yote, mkuu. Kule ndiko mtoto mmoja aliniambia nilimdanganya, kwamba mimi nilikuwa nimeshaona mwizi yuko wapi tangu mwanzo. Onyesho lililofuata nilijitahidi kweli nisimwone.

#45 FundiTaa

Sawa, foleni iwepo. Lakini ipitie mlango wa pembeni.